Kuweka Mafuta Kituoni kwa Usalama bila Kujinyima Urahisi

Kwenye vituo vingi vya mafuta jijini Dar es Salaam, nguzo ileile ya pampu hubeba ujumbe wa aina mbili. Juu kuna kibandiko chenye picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Chini yake, umbali wa shubiri moja, kuna namba ya kulipia kwa simu, imeandikwa kwa tarakimu kubwa ili dereva aisome bila kushuka. Mteja anakatazwa simu na papo hapo anaombwa aitoe mfukoni. Mwongozo huu ni kwa dereva wa gari dogo anayetaka kutoka sheli mapema awahi shughuli zake, lakini asingependa haraka hiyo imtokee puani. Karibu kila jambo la urahisi tunalolifanya kituoni linaweza kufanyika bila hatari, ilimradi litangulizwe au licheleweshwe. Lisifanyike katika zile dakika mbili tatu ambazo nozeli, yaani kile kichwa cha mpira wa pampu, kimo ndani ya tanki.

Tuanze na sababu, kwa maana asiyeijua hulishika sharti leo na kulisahau kesho. Kinachowaka si petroli yenyewe ikiwa majimaji, ni mvuke wake, na mvuke huo haungoji jua kali. Dizeli huhitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto, ilhali petroli huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi isiyopatikana hata kileleni Kilimanjaro. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hushuka, hutambaa chini ya gari na kutuama kwenye mifereji. Unapoweka lita 40 katika tanki lililokaribia kukauka, unasukuma nje karibu lita 40 za hewa iliyojaa mvuke kupitia mdomo uleule wa tanki, isipokuwa gari lako liwe na mfumo wa kuunasa. Mvuke ukifikia kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche ndogo kiasi cha kutoonekana mchana inatosha kuuwasha.

Maandalizi yaanze kabla hujaingia kituoni. Jua tanki lako liko upande gani. Kwenye magari mengi kuna kishale kidogo pembeni ya alama ya pampu kwenye dashibodi kinachoonyesha upande huo, na watu wameendesha gari miaka kumi bila kukiona. Ukijipanga upande sahihi, mpira hautavutwa juu ya buti wala hutalazimika kurudi nyuma katikati ya foleni. Amua pia kiasi cha fedha na namna ya kulipa ungali barabarani. Usingoje taa ya mafuta iwake, kwa sababu dereva ambaye gari linakaribia kumzimikia huingia kituo chochote na kukubali chochote.

Ukishasimama, zima injini. Hoja ya kiyoyozi huwa inatolewa hapa, hasa mwezi wa Februari mtu akiwa na watoto nyuma, nami naielewa. Lakini injini inayonguruma ina joto, ina mfumo wa umeme unaofanya kazi na ina dereva anayeweza kuondoka kwa kujisahau huku nozeli ikiwa bado tankini. Shusha vioo kwa muda uegeshapo, kisha funga vya upande wa tanki ili mvuke usiingie ndani. Watoto wabaki kwenye viti vyao, kwani uwanja wa kituo una magari yanayorudi nyuma na madereva wasiotazama chini. Kwa bahati nzuri, huku kwetu mhudumu ndiye anayekuja kwako, hivyo hakuna haja ya kuwaacha peke yao ili ukalipe. Sigara nadhani haihitaji maelezo.

Kisha shuka. Najua kwamba raha ya kuhudumiwa ni kukaa, ila kushuka kuna faida mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya mfuko: unaiona pampu ikianza kwenye sifuri, unaiona bei ya lita, na unamwambia mhudumu aina ya mafuta mkiwa mnatazamana. Sema “petroli, ya elfu thelathini,” usiseme “weka ya thelathini” tu. Hilux ya dizeli na Hilux ya petroli zinafanana kwa nje, rangi za vishikio vya nozeli hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na nozeli ya petroli, kwa kuwa ni nyembamba, huingia bila shida kwenye tanki la dizeli.

Faida ya pili inahusu umeme tuli, ule unaokupiga kidoleni ukigusa mlango wa gari baada ya safari ndefu. Mwili huukusanya unaposugua kiti cha kitambaa, hasa ukiwa umevaa nguo ya nailoni, na hewa ikiwa kavu hauna pa kupotelea. Pwani unyevu unatusaidia. Dodoma, Iringa au Nairobi wakati wa kiangazi hali ni nyingine. Nchini Marekani, ambako madereva wengi hujiwekea mafuta wenyewe, taasisi iitwayo Petroleum Equipment Institute ilikusanya taarifa za zaidi ya matukio 150 ya moto vituoni yaliyohusishwa na umeme huo, na katika mengi kati yake dereva alikuwa ameiacha nozeli ikijiendesha, akarudi kuketi garini, halafu akashuka tena na kuigusa. Kwa hiyo, ukishashuka gusa bati la gari mbali na mdomo wa tanki, kisha ubaki nje hadi kifuniko kifungwe. Ukilazimika kuingia ndani, ukitoka gusa tena bati kabla hujasogelea tanki.

Mhudumu naye ana urahisi wake. Wakati fulani, katika kituo kimoja kando ya barabara kuu, mhudumu alichukua kifuniko cha tanki langu akakichomeka kwenye kishikio cha nozeli ili kibaki kimebanwa, akaenda kumhudumia mwenye bajaji. Mimi nilikuwa ndani nasoma ujumbe. Kilichonishtua ni sauti ya kitu kinachomwagika kwenye saruji: pikipiki ilikuwa imeukwaa mpira, nozeli imechomoka na kulala chini, na petroli inachuruzika kuelekea gurudumu la nyuma huku kifuniko kikiwa bado kimebana pale pale. Tulilisukuma gari kwa mikono hadi ng'ambo ya uwanja, mchanga ukamwagwa, na ndipo nikaliwasha. Tangu siku ile nikiona kifuniko kinaelekea kwenye kishikio husema, “Dada, naomba uishikilie mwenyewe, mimi sina haraka,” hata kama haraka ninayo. Hajatokea aliyekasirika. Nozeli nyingine zina kibano chao cha kiwandani ambacho hujiachia tanki likijaa, lakini hata hicho kinahitaji mtu wa kusimama karibu nacho.

Mlio wa “tak” ukisikika, basi. Karibu na ncha ya nozeli kuna tundu dogo linalovuta hewa. Petroli ikipanda na kuliziba, mvuto hubadilika na kishikio hujiachia. Nafasi inayobaki juu haikuachwa kwa uchoyo, ni ya mafuta kutanuka yakipata joto. Hapa ndipo unapoingia ule mchezo wa kuviringisha hesabu: pampu imesimama kwenye elfu arobaini na sita na mia tatu, mhudumu hana chenji, anaminya kidogo kidogo ili ifike elfu hamsini. Petroli inafika shingoni, nyingine inamwagika kwenye rangi ya gari, na katika magari yenye chujio la mkaa la kunasa mvuke, mafuta yakiingia humo hulivuruga na fundi atakudai zaidi ya hiyo chenji. Dawa ni kuagiza kiasi kinachojulikana ambacho hakijazi tanki au, ukijaza, kulipa kwa simu kiasi kamili hadi shilingi ya mwisho.

Hivyo tunarudi kwenye simu. Ule uchunguzi wa Marekani haukuthibitisha hata tukio moja ambalo simu ilikuwa chanzo cha moto, na mimi sitakutisha kwa jambo hilo. Ubaya wa simu ni kwamba inachukua macho. Mtu anayeingiza namba ya siri haoni kifuniko kikichomekwa kwenye kishikio, haoni mafuta yakipanda, hasikii anayemwambia asogee. Lipa kabla nozeli haijaingia, ikiwa umekwishaamua kiasi. Au lipa ikishatundikwa na kifuniko kufungwa, na kama nyuma kuna foleni, omba usogeze gari pembeni kwanza. Mhudumu anayehofia utakimbia anaweza kutembea nawe hatua kumi. Subiri ujumbe wa uthibitisho ufike kwenye simu ya kituo, chukua risiti, ondoka.

Kwa mwenye bodaboda maelezo ni mafupi: abiria ashuke, dereva ashuke. Tanki lenu liko juu ya injini yenye moto na katikati ya mapaja, na nguo ikilowa petroli hakuna mlango wa kutokea.

Suala la vidumu linahitaji muda zaidi. Nchini Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kenya hutangaza bei mpya tarehe 14. Jioni ya kuamkia siku hizo, tetesi za bei kupanda zikienea, madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa nusunusu huanza kuonekana kwenye foleni. Fanya hesabu kabla hujajiunga nao. Bei ikipanda kwa shilingi 100 kwa lita, dumu la lita 20 limekuokolea shilingi 2,000, yaani soda mbili, na kwa soda hizo umelala na lita 20 za petroli chini ya paa lenye jiko la gesi au la mkaa. Kituo kikikataa kukuuzia kwenye dumu, usibishane nacho.

Wapo wenye haja ya kweli: jenereta ya duka, injini ya boti, gari lililozimika mahali ambapo haliwezi kuvutwa. Hao watumie chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, chenye kifuniko kinachobana, na wakiweke chini kwenye saruji kabla ya kujazwa. Dumu lililo kwenye bodi ya pikapu yenye zulia la plastiki, au ndani ya buti, halina njia ya kupeleka umeme tuli ardhini. Nozeli iguse mdomo wa chombo muda wote, mhudumu aminye polepole, na dumu la lita 20 liishie lita 19. Chupa za maji ya kunywa zisitumike kabisa, maana mtoto ataikuta chupa anayoifahamu na kuinywa. Ukishapakia, nenda moja kwa moja unakokwenda vioo vikiwa wazi, na mafuta yasilale garini. Kuhusu kuchota petroli iliyomwagika barabarani, itoshe kukumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya kukusanyika kwenye lori la mafuta lililopinduka.

Anayehamisha mafuta kutoka dumu hadi tanki atumie pampu ya mkono au faneli. Kuyanyonya kwa mdomo kupitia mpira ni mazoea ya mafundi wengi wa mitaani, na ni mabaya kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa funda moja likipotea njia huingia kwenye mapafu. Aliyemeza asitapishwe, kwani yakirudi juu hupata nafasi ya pili ya kuingia huko, apelekwe hospitali. Ngozi iliyomwagikiwa ioshwe kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu.

Ukigundua umewekewa mafuta yasiyo ya gari lako, usiwashe injini, usizungushe hata ufunguo, maana katika magari mengi kitendo hicho tu huanza kuvuta mafuta kutoka tankini. Weka gia huru, gari lisukumwe pembeni, tanki limwagwe na fundi. Mkiwa bado hapo kituoni mnaweza kuzungumza ni nani atakayegharamia. Ukishaondoka, mazungumzo hayo huwa magumu.

Na moto ukishika kwenye mdomo wa tanki, mkono wako utataka kuichomoa nozeli. Usiichomoe, kwa sababu utakuwa umeumwaga moto chini na kwenye miguu yako. Achia kishikio, iache nozeli ilipo, toa waliomo garini, na mpigie kelele mhudumu abonyeze swichi ya dharura inayokata umeme wa pampu zote. Maji hayafai, petroli huelea juu yake na kusambaa. Kinachofaa ni mtungi wa unga mkavu au wa povu, na mchanga kwa moto wa chini. Zimamoto wa Tanzania wanapatikana kwa namba 114, na hiyo ni simu ya kupigwa ukiwa umekwisha kuvuka barabara.