Barua ya mahakama Marekani: kwanza tazama imetoka wapi

Bahasha ya mahakama ikiingia kwenye sanduku lako la barua, usianze kwa kumpigia shemeji. Ifungue, usome pale juu: ni mahakama ya nani?

Mihimili mitatu tuliisoma shuleni: bunge, serikali, mahakama. Huku pia ipo, ila kila jimbo nalo lina ya kwake. Faini ya mwendokasi, talaka, ugomvi na mwenye nyumba, hayo ni ya jimbo au mji. Za shirikisho, yaani za serikali kuu ya nchi nzima, ni mahakama za wilaya 94, za rufaa 13, na Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Wengi wetu hatutazikanyaga, labda siku ya kula kiapo cha uraia.

Inayowachanganya watu ni mahakama ya uhamiaji. Jaji yupo na joho lake, wakili wa serikali yupo, lakini haimo kabisa katika mhimili wa mahakama. Iko chini ya Wizara ya Sheria, upande wa Rais, na jaji wake huteuliwa na Mwanasheria Mkuu. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo apewe wakili. Usitegemee hilo kwenye kesi ya uhamiaji. Wakili unaruhusiwa, ila ni wa kulipa mwenyewe au wa kutafuta kwenye mashirika ya msaada wa kisheria. Na notari wa huku si wakili kama tulivyozoea Nairobi au Dar. Kazi yake ni kushuhudia saini, basi. Usimpe faili lako.

Mkalimani ni bure, lakini sema mapema Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Lubumbashi akisema wazazi wake wamebaki lupango, anamaanisha kiwanja cha nyumbani. Kwa mkalimani wa Dar, lupango ni mahabusu. Hebu fikiria hilo likiingia kwenye ushahidi wa ombi la hifadhi ya ukimbizi.

Ukihama nyumba, mahakama ya uhamiaji inataka fomu yake ya kubadilisha anwani, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi. Fomu AR-11, ambayo USCIS (idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji na uraia) wanaitaka ndani ya siku 10, haiwezi kushika nafasi yake, maana USCIS wako wizara nyingine, ya Usalama wa Ndani. Jaza zote mbili. Wito ukienda kwenye anwani ya zamani nawe usipotokea, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini hata kama haupo.

Bunge nalo lina faida. Ombi lako likikwama USCIS kupita muda wa kawaida, iandikie ofisi ya mbunge au seneta wa unapoishi, hata kama si raia. Watakupa fomu ya ridhaa usaini, kisha waulizie faili limelala wapi. Jaji hawawezi kumwamuru.