Somo: Kumzoesha mtoto wa simbilisi (guinea pig) kula mboga za kila aina

Mama simbilisi hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72 hivi, muda mrefu kwa mnyama mdogo namna ile. Ndiyo maana watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka na meno yameshaota. Baada ya siku chache tu utawakuta wanatafuna majani ubavuni mwa mama yao huku bado wananyonya. Siku hizo ndizo za kuanzia. Anayesubiri watoto waachishwe ziwa, wiki ya tatu au zaidi, ndipo awaonyeshe mboga, ameshachelewa. Simbilisi huamua mapema sana kipi ni chakula na kipi si chakula, na aliyekulia pumba na majani ya tembo peke yake atainusa karoti, aiache, arudi kwenye pumba.

Na hili si suala la kudekeza mnyama. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura anaweza, mbuzi anaweza, kuku anaweza. Simbilisi hawezi, lazima aipate mdomoni kila siku. Mwaka 1907 huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafiti ugonjwa mwingine kabisa, wakaona wanyama wao wanaugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Sasa angalia jikoni kwetu Njombe, Makete na Iringa, ambako simbilisi wanafugwa chini ya meko na kulishwa pumba za mahindi. Mtoto anayechechemea, viungo vimevimba, manyoya yamesimama, hataki kusogea: wengi husema amekanyagwa. Mara nyingi ni kiseyeye.

Mkubwa anahitaji kama miligramu 10 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayekua na mwenye mimba wahesabie hadi 30. Mtoto wa gramu 250 kwa hiyo anahitaji miligramu 7 au 8, na kiasi hicho kimo kwenye gramu 10 tu za pilipili hoho ya kijani. Hoho moja ya sokoni inatosha watoto kadhaa. Hoho nyekundu ina vitamini hiyo zaidi ya ya kijani. Karoti na tango, ambazo watu wanazikimbilia, zina kidogo sana.

Kabla ya hatua zenyewe, nisisitize jambo moja. Nyasi ndizo chakula chake kikuu, kama sehemu nane kati ya kumi za anachokula. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Mboga huongezwa juu ya nyasi, hazichukui nafasi yake. Ukoka, nyasi kavu, majani machanga ya mahindi: viwepo usiku na mchana.

Hatua ya kwanza: anza na mama
Mlishe mama mboga mchanganyiko tangu akiwa na mimba na wakati wote wa kunyonyesha. Watoto hula anachokula mama, palepale anapokula. Weka mboga chini, si kwenye beseni refu wasiloweza kufikia. Kama umenunua mtoto mmoja peke yake, mtafutie mwenzake anayekula vizuri (wa jinsia ileile kama hutaki uzao, maana wanapevuka mapema mno). Simbilisi ni mnyama wa kundi, na hakuna ushawishi unaoshinda kumwona mwenzake anatafuna kwa furaha.

Hatua ya pili: mboga moja kwa wakati
Mpe kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kisha subiri hadi kesho. Tazama kinyesi. Kikiwa kigumu na kimeumbika vizuri, ongeza kidogo. Kikiwa laini, acha mboga hiyo, mrudishe kwenye nyasi na maji mpaka atulie. Mimi huanza na hoho iliyotolewa mbegu, nafuata maganda mabichi ya mahindi pamoja na nywele zake, kisha matembele, giligilani (dania), halafu sukumawiki na chainizi. Kabeji naiweka mwisho na kwa uchache, kwa sababu ya gesi.

Hatua ya tatu: badilisha umbo, si mboga
Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, nami naomba msikate tamaa. Mtoto akikataa kipande kinene cha hoho, hajakataa hoho. Ikate nyuzi nyembamba, umpe kesho yake. Akikataa, ikatekate ndogondogo uichanganye na majani anayoyapenda. Likunje jani la sukumawiki mkononi mpaka litoe harufu, ndipo umpe. Fungia kishada cha giligilani ukining'inize usawa wa mdomo wake. Wengine hawataki kitu kilicholala chini lakini hukivuta kikining'inia. Karoti ikwanguliwe. Mwekee alfajiri na jioni giza likianza kuingia, saa ambazo simbilisi huchangamka na kutafuta chakula.

Usimshindishe njaa ili akubali. Tumbo lake linatakiwa kufanya kazi muda wote, na likisimama anaweza kufa. Nyasi zibaki palepale, mboga ngeni iwe kando yake. Mabaki yatoe baada ya saa chache, yasinyauke wala kuchacha. Kesho mpe tena, na kesho kutwa. Kuna watakaokubali siku ya kwanza na kuna wa wiki mbili tatu; wote ni wazima.

Mboga iwe mbichi na imeoshwa. Kuichemsha kunapoteza vitamini unayoitafuta. Kama shamba limepuliziwa dawa ya wadudu, usichume mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Majani yaliyolundikwa yakapata joto usimpe kabisa, yanajaza tumbo gesi.

Hatua ya nne: zungusha
Akishakubali mboga nne au tano, usimrudishie ileile kila siku. Hoho inaweza kuwepo kila siku. Mchicha na spinachi vina oksaleti na kalsiamu nyingi, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Matunda ni kionjo tu. Pera lina vitamini C nyingi kuliko hoho, lakini lina sukari, hivyo kipande kidogo mara moja moja. Kwa simbilisi mkubwa wa kilo moja, jumla ya mboga ni kikombe kimoja kwa siku. Mtoto mpunguzie kulingana na uzito wake.

Hatua ya tano: mpime
Kila wiki, mzani wa jikoni, siku ileile. Mtoto anatakiwa kupanda kila wiki. Akisimama au akishuka, kuna tatizo hata kama unamwona anachezacheza.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nipo Makete. Nimenunua mtoto mnadani, anakula pumba tu. Hoho anainusa na kuondoka. Nifanyeje asipate kiseyeye wakati namzoesha?

Marahaba. Kwanza mjazie nyasi, pumba uzipunguze polepole, usizikate ghafla. Hoho ikate ndogo kabisa uichanganye kwenye hizohizo pumba, kidogo tu, uongeze siku hadi siku. Kwa sasa nunua vidonge vya kawaida vya vitamini C duka la dawa, si multivitamini. Saga robo ya kidonge cha miligramu 100, ipake kwenye jani analolipenda, mara moja kwa siku. Usiiweke kwenye maji ya kunywa: vitamini C inaharibika upesi ndani ya maji, na ladha ikibadilika anaweza kuacha kunywa.

Habari za leo. Niko Nairobi, watoto wangu wanafuga wawili kwenye nyumba ya ghorofa. Wanapenda spinachi sana, tunawapa kila siku. Juzi nimeona mkojo mweupe kama chaki kwenye gazeti. Ni ugonjwa?

Nzuri, mama. Huo weupe ni kalsiamu inayotoka na mkojo, na ukizidi unaweza kujenga mawe kwenye kibofu. Spinachi ipunguze iwe mara moja kwa wiki, weka hoho, dania kidogo na nyasi nyingi. Hakikisha maji yapo na chupa haijaziba. Ukiona damu, au analia anapokojoa, usibadilishe chakula ukangoja. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mwalimu, sisi Njombe tuna maparachichi na viazi kila mahali. Majani yanaoza bure. Nikiwapa taratibu kama ulivyofundisha hawatazoea?

Hawatazoea, kaka, watakufa. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo pesini, inayoshambulia moyo. Tunda lenyewe pia usimpe. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yana sumu nyingine, na kiazi kilichoota au kuwa kijani vilevile. Ongeza kwenye orodha hiyo kisamvu kibichi, majani ya maharage, vitunguu vya aina zote. Matembele ni tofauti, hayo ni majani ya viazi vitamu na hayana shida. Waambie na watoto wanaochuma majani, wakayaone shambani kwa macho yao, maana jina "majani ya viazi" ndilo linalowachanganya.

Nyanya yenyewe je, iliyoiva?

Kipande cha iliyoiva, bila kikonyo, anakula. Ikizidi mdomo unamtoka vidonda pembeni.

Salamu kutoka Bukavu. Mtoto wangu wa mwezi mmoja alikula kabeji nyingi, sasa anaharisha na tangu asubuhi hagusi kitu. Jirani ana amoksilini ya watoto, amesema nimpe kidogo.

Ndugu yangu, usimpe hiyo dawa. Amoksilini na jamii yote ya penisilini ikipita mdomoni inaua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi, wabaya wanashika nafasi yao, naye hufa ndani ya siku chache. Ondoa mboga zote sasa hivi. Mweke mahali pakavu penye joto, karibu na mwenzake. Saga nyasi kavu laini, changanya na maji ya uvuguvugu, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, asipaliwe. Wakati unafanya hayo mtu mwingine atafute daktari wa mifugo. Mtoto wa umri huo asiyekula tangu asubuhi hangojewi mpaka kesho.