Somo: Kuchagua mshipi wa kuvulia samaki wa chini kwenye kina kirefu

Anayevua kwenye maji mafupi anaweza kuvumilia mshipi usiofaa, lakini anayeshusha chubwi (kipande kizito kinachozamisha chambo) mita 100 na zaidi hawezi, kwa kuwa kila kasoro ya mshipi huongezeka kadiri urefu wake unavyoongezeka. Somo hili linahusu uvuvi wa fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), chombo kikiwa kimetia nanga au kinachukuliwa na mkondo, na chambo kikiwa karibu na miamba wanakokaa chewa, changu na jamaa zao. Wanaovua kwa mkono nao wamejibiwa kwenye maswali.

Hatua ya kwanza: anza na kina na mkondo

Wengi huanza kwa kuuliza samaki wanaotarajiwa wana kilo ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, ila linakuja la pili, kwa sababu muda mwingi mshipi hauvuti samaki bali unasukumwa na maji. Mkondo husukuma mshipi wote uliomo majini, na mshipi mnene husukumwa zaidi kuliko mwembamba. Matokeo yake ni kwamba mshipi huweka tumbo kubwa, chubwi huinuka na kupelekwa mbali na chombo, na mvuvi hulazimika kuongeza uzito hadi fimbo yenyewe inalemewa. Kwa hiyo chagua mshipi mwembamba kadiri unavyoweza, mradi uhimili samaki na miamba ya mahali unapovua.

Hatua ya pili: chagua aina ya uzi wa mshipi

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Nailoni ya uzi mmoja ni rahisi kufunga, inavumilia kusuguliwa, na huvutika kwa takriban asilimia 20 hadi 30 kabla ya kukatika. Kuvutika huko kunasaidia sana samaki anapokurupuka karibu na chombo, lakini kwenye kina ni hasara tupu: samaki akidonoa chambo mita 150 chini, mdonoo wake humezwa na mshipi kabla haujafika kwenye ncha ya fimbo, na hata ukiinua fimbo kwa nguvu, ndoana inaweza isisogee vya kutosha kumchoma.

Mshipi wa kusuka wa polietilini huvutika kwa asilimia chache tu. Ukiutumia utatambua hata aina ya sakafu ya bahari: chubwi likitua kwenye mchanga au tope, ncha ya fimbo hulegea polepole, na likitua kwenye mwamba, unasikia mgongano mkavu mkononi. Tena ni mwembamba. Mshipi wa kusuka wa kilo 23 (uzito unaouhimili kabla ya kukatika) huwa na unene wa karibu milimita 0.35, ilhali nailoni ya nguvu hiyohiyo hukaribia milimita 0.70. Kwa hesabu, unene ukipungua kwa nusu, rili ileile hubeba urefu wa karibu mara nne.

Udhaifu wake mkubwa ni miamba. Nyuzi zake ni nyembamba mno, na zikivutwa kwa nguvu juu ya jiwe au kombe lenye makali hukatika upesi. Hata hivyo, kwa kina kinachozidi mita 60 hivi, mimi sioni sababu ya kujaza rili kwa nailoni, isipokuwa bei.

Hatua ya tatu: amua nguvu na urefu

Kwa changu na samaki wa ukubwa wa kati, mshipi wa kusuka wa kilo 15 hadi 23 unatosha. Penye chewa wakubwa wanaokimbilia mapangoni, kilo 30 hadi 40 ni salama zaidi. Kaza breki ya rili, inayoachia mshipi samaki anapovuta sana, kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, na uipime kwa mizani ya kuning'iniza badala ya kukisia kwa mkono. Kuhusu urefu, weka angalau mara mbili ya kina, kwa kuwa mshipi haushuki wima, na siku moja utapoteza mita nyingi kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya nne: kipande cha mwisho

Mwisho wa mshipi wa kusuka funga mita 3 hadi 6 za nailoni nene au florokaboni (uzi wa plastiki usioonekana kirahisi majini), yenye unene wa milimita 0.80 hadi 1.00, ili ndiyo ikutane na miamba na meno ya samaki. Kabla ya kukaza fundo lolote, lilowanishe, kwa sababu joto la msuguano hudhoofisha uzi.

Hatua ya tano: kujaza rili

Tanguliza tabaka chache za nailoni, kwani mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini huteleza na kuzunguka wote. Ujaze ukiwa umekazwa. Ukilegea, tabaka za juu huzama kati ya zile za chini na kukwama.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi navua kwa mkono bila fimbo. Je, nitumie wa kusuka?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mshipi wa kusuka hukata ngozi samaki anapovuta. Tumia nailoni ya milimita 0.90 hadi 1.20, ambayo vidole vinaweza kuishika, na usiuzungushe mkononi kamwe.

Swali: Je, florokaboni ina faida kwa kuwa samaki haioni?

Jibu: Kwenye maji mafupi na maangavu, faida ipo. Kwenye mita 100 mwanga ni hafifu na umebaki wa buluu tu, kwa hiyo nailoni nene inafaa vilevile. Ukiwa na fedha za ziada, nunua mshipi wa kusuka ulio bora.

Swali: Chubwi langu hunasa mara kwa mara, na ninapoteza mshipi pamoja na ndoana zote. Nifanyeje?

Jibu: Chubwi lifunge kwa kipande cha nailoni dhaifu kuliko mshipi wote, ili likinasa likatike lenyewe tu. Ikibidi kuukata mshipi, usiuvute kwa mkono wala kwa fimbo. Uzungushe kwenye kipande imara cha mti, kisha chombo kiuvute.

Swali: Nitajuaje kwamba mshipi umechakaa?

Jibu: Kila baada ya kuvua, pitisha mita chache za mwisho kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo au kuona nyuzi zimesimama kama manyoya, kata sehemu hiyo na ufunge upya. Nailoni hudhoofishwa pia na jua, kwa hiyo rili ihifadhiwe kivulini baada ya kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.