Kutafuta Chanzo cha Injini Kumisi Katika Trekta la Ford 8N

Trekta la Ford 8N, lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1947 hadi 1952, lina injini ya petroli ya silinda 4 ambayo valvu zake zimekaa ubavuni mwa bloku, si juu kwenye silinda hedi. Injini hiyo inapomisi, yaani inaporuka mipigo ya kuwaka, wenye haraka hukimbilia kufungua kabureta, ilhali mara nyingi hitilafu iko kwenye moto wa plagi. Kabla ya kununua kipuri chochote, sikiliza ekzosi. Mlio unaokatika kwa mpigo uleule bila kubadilika huashiria silinda moja iliyolala, yaani isiyowaka. Unaokatika ovyo huelekeza kwenye kitu kinachohudumia silinda zote, yaani koili (inayokuza umeme wa cheche), pointi (swichi inayokata umeme wa koili), kondensa (inayokinga pointi zisiungue) au njia ya petroli.

Ili kuipata silinda iliyolala, weka gia huru, hakikisha hakuna petroli inayovuja, kisha iache injini yenye joto izunguke polepole mahali penye hewa. Chomoa waya wa kila plagi kwa zamu, ukitumia koleo lenye mpini wa mpira, kwa maana moto wa koili hupiga vibaya. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, mzunguko hushuka papo hapo. Ukichomoa wa ile iliyolala, hakuna kinachobadilika. Zima injini, badilishanisha plagi yake na ya silinda nyingine, uwashe tena: hitilafu ikihama pamoja na plagi, umempata mkosaji. Isipohama, kagua waya na kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ukikumbuka kwamba mpangilio wa kuwaka ni 1-2-4-3, si 1-3-4-2 waliouzoea mafundi wengi wa magari. Nyufa za kifuniko na waya zilizochoka huonekana vizuri zaidi gizani, cheche zinaporuka pasipostahili.

Distributa inahitaji subira. Katika matrekta ya mwanzo imefungwa mbele ya injini, nyuma ya feni, na koili imekaa juu yake. Kuanzia mwaka 1950 ilihamishiwa ubavuni. Tofauti hii si ya sura tu, kwa sababu pointi za distributa ya mbele huachiwa nafasi ya inchi 0.015, na za ubavuni inchi 0.025. Ile ya mbele ni afadhali kuifungua na kuifanyia kazi mezani, wala usihofu kukosea wakati wa kuirudisha, kwani ulimi wa shafti yake haukukaa katikati, hivyo huingia kwa namna moja tu. Pima nafasi ya pointi kwenye pembe zote 4 za kemu inayozifungua. Vipimo vikipishana sana, bushi za shafti zimelika, na pointi mpya hazitasaidia kitu. Pointi zilizoungua na kufanya vishimo mapema humtia kondensa mashakani.

Trekta likifanya kazi vizuri likiwa baridi, likaanza kumisi baada ya kupata moto, kisha likapona likipoa, shuku koili kwanza. Mfumo wa asili ni wa volti 6, chanya ikiwa imeungwa kwenye bodi. Wengi wameubadilisha kuwa wa volti 12, na aliyefanya hivyo bila kupunguza umeme unaofika kwenye koili ya mbele huwa ameipikia kifo chake.

Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, sasa geukia petroli. Fungua kizibo cha kumwagia petroli kilicho chini ya kabureta, ukikinga chombo kisafi huku injini ikiwa baridi: mkondo unapaswa kutoka mfululizo, takriban nusu lita kwa dakika 2. Ukififia, safisha kikombe cha mashapo chini ya tangi pamoja na vichujio vyake, kikiwemo kile kidogo kwenye kiwiko cha kabureta, ambacho husahaulika.

Ikiwa silinda moja bado imelala ingawa ina cheche na petroli, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, upime tena; kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kisipopanda, huenda valvu imekwama, jambo la kawaida kwa trekta lililosimama bandani miaka mingi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, tazamia gasketi ya silinda hedi iliyopasuka katikati yake.