Using'oe thamostati kabla hujajua gari linachemkia wapi

Toyota Celica yangu ni ST202 ya mwaka 1995, injini 3S-GE, na tangu niilete Mtwara imenichemkia mara mbili. Mara ya kwanza ilinila pesa bure.

Shangani mpaka Mikindani mshale wa joto ulikuwa unatulia chini kidogo ya nusu, hata AC ikiwa imewashwa. Nikikwama nyuma ya malori ya korosho, dakika kumi haziishi, mshale unapanda. Nikampelekea fundi. Hakuuliza kitu, akang'oa thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto, yapite kwenye rejeta) akaitupa: "Huku kwetu joto, hii ya kazi gani?" Gari likazidi kuchemsha. Thamostati nyingi za Toyota za aina hii zina kisahani nyuma kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inajizungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Kwa hiyo, kabla ya spana, jua linachemkia wapi. Likichemka limesimama na kupoa likikimbia, kosa liko kwenye upepo, maana yake feni. Likichemka barabara kuu au mlimani, ama rejeta imeziba ama maji hayazunguki. Likichemka popote, na maji yanapungua bila tone chini, jiandae kwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Tuanze na feni. Washa AC, feni zinatakiwa ziwake. Zikikataa, angalia fyuzi na rilei. Kisha, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni: kwenye Toyota nyingi za miaka ile feni huwaka hapo hapo. Ikiwaka, mota na nyaya ni nzima, shuku hiyo swichi ya joto. Wengi wakiona feni inazunguka wanafunga boneti. Yangu nayo ilikuwa inazunguka! Nilikuja kushtuka nilipoweka karatasi ya daftari mbele, kwenye kondensa (rejeta ya AC). Badala ya kunaswa, ikarushwa. Mota ilikuwa imebadilishwa na nyaya mbili zikapishanishwa, feni ikawa inasukuma upepo kwenda mbele. Kuzigeuza hakukuchukua hata dakika tano.

Mara ya pili ilikuwa natoka Masasi kupanda Newala. Hapo feni haikuhusika. Kupima rejeta, acha injini ipate moto, zima, chomoa soketi za feni (inaweza kuwaka yenyewe ikakukata vidole), halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Panapokuwa pamepoa kama kisiwa, mirija yake imeziba. Yangu ilikuwa imepoa karibu theluthi nzima: chokaa ya maji ya kisima, miaka na miaka ya kujaziwa kwa dumu. Angalia pia vile vibati vyembamba kati ya mirija. Kwetu pwani chumvi inavila, ukivigusa vinapukutika. Rejeta ya hivyo usilipie kuizibua, tafuta nyingine. Na ukijaza, tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Kama ni ya kuchanganya, changanya na maji safi ya kuongezea betri, si asidi.

Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo kinachosahaulika. Mingi imeandikwa 0.9. Kwa mgandamizo huo hata maji matupu yanachemka kwenye takriban nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka, gari linatema maji wakati mshale haujafika hata kwenye nyekundu. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Thamostati yenyewe ipime kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyogongwa 82 inatakiwa ianze kufunguka maji yakikaribia nyuzi hizo, mapema kabla hayajachemka. Wota pampu ya 3S inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo ikivuja utaona unyevu chini ya kava ya belti. Zibadilishe pamoja.

Gasketi ya hedi unaijua asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko, washa, tazama. Mapovu machache ni hewa tu, yataisha. Yasiyoisha, au ukishafunga mfuniko hozi ya juu ikawa ngumu kama jiwe wakati injini haijapata joto, ni moto wa silinda unaingia kwenye maji. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena.

Ukishafungua chochote, toa hewa. Hewa ikibaki, sensa inakaa nje ya maji na mshale unakudanganya kuwa pamepoa. Mimi hupaki pua ikiwa juu kwenye mteremko, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita moto mpaka mwisho (ndiyo, hita, Mtwara hii hii), nikiongeza maji kidogo kidogo mpaka hozi ya chini ipate joto. Hapo ndipo nafunga.