SOMO: Kuvuta umeme wa nchi kavu mpaka kwenye boti, waya gani na adapta gani

Wakuu habari zenu. Hili somo niliahidi siku nyingi nikawa nalipiga danadana, ila juzi nimeitwa upande wa Kirumba, Mwanza, kuna boti ya abiria ilikuwa imefungwa gatini inachajiwa usiku, asubuhi nahodha anakuta friji imezima. Nikaenda moja kwa moja kwenye soketi ya kibanda walikovutia umeme. Plagi imevimba kama andazi, pini ya laivu, ile inayoleta umeme, imeshika rangi ya bluu nyeusi, nafungua ndani fyuzi nzima kabisa haijakatika. Mlinzi anasema usiku kucha alikuwa anasikia harufu ya samaki. Sasa ndo hivyo, plagi ikipata moto sana plastiki yake huwa inatoa harufu kama ya samaki, mahali pengine mtu angeshtuka, lakini wewe upo mwaloni dagaa wameanikwa kila upande utashtuka nini?

Boti ile haikuwa na tatizo, waya wake mzuri tu. Iliyowaponza ni adapta. Watu wanadhani adapta ni kitu cha kufanya plagi iingie, ikishaingia basi kazi imeisha.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya vitu vyako kabla hujaenda dukani

Umeme wetu ni volti 230. Chukua wati za kila kitu utakachowasha kwa pamoja, jumlisha, gawa kwa 230, unapata ampia. Ile boti ilikuwa hivi: birika la umeme wati 2200, chaja ya betri kama 600, friji 150, feni mbili 60. Jumla 3010, ukigawa ni ampia 13 na pointi. Yaani soketi ya kawaida ya ukutani imeshafika kikomo na hapo hakuna aliyechomeka pasi. Birika peke yake ni karibu ampia 10, chai ya nahodha ndo mlaji mkubwa kuliko vyote humo ndani.

HATUA YA 2: Jua umeme unautoa wapi

Boti nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya zina tundu la ile plagi ya bluu ya duara, mafundi tunaiita indastrio, pini tatu, ya ampia 16 au kubwa zaidi ya 32. Hizi mbili haziingiliani, zimetengenezwa makusudi zisiingiliane. Bluu ni ya volti 230, ukikuta nyekundu hiyo ni ya fezi tatu volti 400 usiiguse, ukikuta ya njano ni ya volti 110 ya vifaa vya saiti.

Gatini kwetu huku mara nyingi utakachopewa ni soketi ya ukutani ya pini tatu za bapa, ya ampia 13, ipo ofisini au kibandani na luku ni ya mwenye kibanda. Kwa hiyo unahitaji adapta ya kutoka 13 kwenda bluu ya 16. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haikuongezei ampia hata moja. Boti ina breka ya 16, waya umeandikwa 16, lakini mlangoni pale kuna plagi ya 13, basi boti yako ni ya 13. Na wala usitegemee fyuzi ikulinde, ya 13 ukiivuta 15 haikatiki hapo hapo, inavumilia muda mrefu plagi ikiwa inaiva taratibu. Mimi nawaambia watu kama ni usiku kucha usipitishe ampia 10. Chemsha maji kwa gesi.

Adapta nzuri ni ile yenye kipande cha waya katikati, nusu mita hivi, plagi huku na tundu la bluu kule. Zile za kuziba moja kwa moja bila waya zinaning'inia kwenye soketi, uzito wote wa kebo unavuta pini, baada ya mwezi soketi imelegea na soketi iliyolegea ndo inayochoma. Na zile adapta za safari, za dunia nzima, nyingi hazina erthi, yaani njia ya usalama ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ziache nyumbani zichaji simu.

Halafu kuna ule mchezo wetu wa kuchomeka peni kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Lile tundu unaloliziba na peni ndo la erthi mkuu. Kwa chaja ya simu tumezoea, kwenye boti naomba tuheshimiane.

HATUA YA 3: Waya

Unene kwanza. Kwa ampia 16 chukua milimita za mraba 2.5, zile ekstensheni za madukani nyingi ni 1.5 au chini ya hapo. Uwe wa nyuzi nyingi laini, na ngozi ya nje iwe ya mpira, tafuta maandishi H07RN-F yamepigwa kwenye ngozi yake. Waya mgumu wa kuwekea nyumba usiutumie, boti inacheza na wimbi usiku na mchana, ule waya unakatikia ndani huoni. Halafu kuna waya wanauza unaitwa kopa kumbe ni aluminiamu imepakwa kopa juu. Omba ncha, ikwaruze na kisu, ukiona weupe ndani mrudishie na umshukuru. Pia ni mwepesi kuliko kawaida, ukiubeba unajua.

Urefu uwe wa kutosha boti ipande na ishuke na maji bila waya kukazika, lakini usilale majini, gugumaji likija na upepo linausomba. Mnakumbuka mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivyopanda? Soketi zilizokuwa zimewekwa chini kwenye nguzo zilizama. Ukichagua pa kuchomeka chagua pa juu.

HATUA YA 4: RCD (kifaa cha kukata umeme unaovuja), hii sijadili na mtu

Ziwa letu ni maji baridi na maji baridi ni hatari zaidi ya bahari kwenye hili. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo umeme ukivuja unampita pembeni. Maji ya ziwa yanapitisha vibaya, mwili wako unapitisha vizuri zaidi yake, umeme unakuchagua wewe. Kiasi kidogo tu, kama miliampia 10, kinakaza misuli mtu anashindwa kuogelea, anazama na aliye juu ya gati anasema alikuwa anaogelea vizuri tu. Vijana wanaruka kutoka gatini kila jioni, mnawaona.

RCD ya miliampia 30 inakata umeme ikihisi unaotoka na unaorudi haulingani. Iweke upande wa nchi kavu, mwanzo kabisa wa waya, boti nayo iwe na yake. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mara unapofunga boti, isipokata hiyo ni pambo.

HATUA YA 5: Mpangilio wa kuchomeka

Zima breka kuu ya boti. Chomeka upande wa boti kwanza, kisha nchi kavu, halafu washa. Kutoa ni kinyume, nchi kavu kwanza. Sababu ni kwamba ukianza na nchi kavu unatembea juu ya gati lenye maji umeshika ncha yenye umeme. Baada ya nusu saa rudi ushike plagi kwa kiganja. Vuguvugu sawa, ikikufanya utoe mkono kuna kitu hakijakaza.

Ukiona mtu ana waya wenye pini dume pande zote mbili ukate hapo hapo, nitakulipia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ukerewe): Kaka fundi mie nina ile ekstensheni ya kuzungusha ya mita 50, naitoa kidogo tu mingine inabaki kwenye gurudumu, kuna shida?

Jibu: Ipo kaka. Waya uliojikunja unapika wenyewe, joto halina pa kutokea, itoe yote hata kama inalala gatini kama nyoka. Na mita 50 za waya wa 1.5 ukivuta ampia 10 unapoteza karibu volti 12 njiani. Jioni umeme wenyewe umeshashuka uko 210, botini inafika chini ya 200, friji inanguruma haiwaki. Kwa 2.5 ungepoteza 7 tu.

Swali (Capri Point): Mkuu kuna boti imetoka Marekani, tundu lake ni la kuzungusha lenye pini zilizopinda, mwenye nayo anasema nitafute adapta tu. Ipo?

Jibu: Adapta ya umbo utaipata, na hiyo ndo itakayoiunguza. Lile tundu mara nyingi ni la ampia 30 volti 120, ukiipa 230 kila kilichowashwa kinakwenda. Inatakiwa transfoma ya kushusha, na hata hapo kule wanatumia hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) sisi 50, transfoma haibadilishi hiyo, kwa hiyo mota za kiyoyozi zitazunguka polepole na kupata joto. Njia rahisi weka chaja ya betri inayokubali 100 mpaka 240, hezi zote, umeme wa nchi uishie kwenye chaja tu na vingine viende na inveta. Jambo moja lingine, kwao waya mweusi ndo laivu na mweupe ni nyutro, ule wa kurudisha umeme. Fundi wetu aliyezoea nyekundu na nyeusi za zamani anajua nyeusi ni nyutro. Pima kwa testa usiamini rangi.

Swali: Mwanangu, mimi RCD yangu inakata kila nikichomeka. Fundi amenishauri tuutoe waya wa erthi, na kweli akiutoa haikati tena. Wewe unasemaje?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Naomba uurudishe leo hii kabla mtu hajaingia majini hapo. Haikati kwa sababu mmeinyima njia ya kuhisi, uvujaji bado upo na sasa unasubiri mtu. Zima vyote, washa kimoja kimoja mpaka ikate, mara nyingi ni koili ya kupashia maji au plagi iliyoingia unyevu. Ikikata hata vyote vikiwa vimezimwa, angalia kama kuna mahali botini nyutro na erthi zimeunganishwa, inveta nyingine zinakuja hivyo. Ukiwa umechomeka nchi kavu hizo mbili zisikutane ndani ya boti.

Swali (Sengerema): Boti yetu ni ya chuma, tangu tuanze kuchomeka umeme kutu imeongezeka chini. Au ni mawazo yangu?

Jibu: Si mawazo dada. Waya wa erthi umeifunga boti yako pamoja na chuma chote cha gati na boti za jirani, mmekuwa betri moja kubwa majini na wewe ndo unayeliwa. Kuna kifaa kinaitwa galvaniki aisoleta kinakaa kwenye waya wa erthi, kinazuia huo umeme mdogo ila hitilafu ikitokea kinapitisha. Usikate erthi, weka hicho. Angalia pia vile vipande vya chuma mlivyofunga chini ili viliwe na kutu badala ya boti, kama ni vya zinki hivyo ni vya bahari, maji baridi yanataka magnesi.

Swali: Sisi wa dagaa tuna mitumbwi na betri za taa tu, yote haya yanatuhusu?

Jibu: Hapana. Chaja ibaki nchi kavu, betri ndo ipande juu. Kubeba betri mgongoni kutoka mtumbwini najua kunachosha, ila huhitaji kununua hata kimoja kati ya vyote nilivyotaja.