Mtini na hikori uani: pima uwanja kabla ya kununua mche

Kila mwezi wa tatu, theluji ikishayeyuka hapa Kentucky, naanza kupokea simu za aina moja. Mtu amepata nyumba, nyuma kuna uwanja wa nyasi, na jirani amemwambia apande hikori: ni mti wa asili wa huku, baridi haiutishi, na kokwa zake zina kiini kitamu. Lakini moyo unataka tini. Jina lake amelisikia tangu utotoni, msikitini au kanisani, na kama ametokea Unguja au Mombasa amezila kavu mwezi wa Ramadhani. Apande upi?

Mimi humwambia atafute futikamba kwanza. Kutoka ukuta wa nyumba hadi uzio ni mita ngapi? Kama hazifiki 12, hikori tuiweke kando, tuzungumze habari ya tini.

Hikori inayosifiwa zaidi kwa kuliwa ni ile ambayo gome lake hubanduka vipande virefu vilivyojikunja juu na chini, kama vibao vya paa lililochoka. Ikikomaa hufika mita 20 na kitu, na huweza kuishi miaka 200 au zaidi. Ukiipanda kwa kokwa leo, itaanza kuzaa sawasawa ikikaribia miaka 40. Yaani umalize mkopo wa nyumba wa miaka 30, na bado uwe unasubiri. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijiti cha mti unaozaa tayari, hukupunguzia miaka hiyo, ila si kwa kiasi cha mtu mwenye haraka. Kivuli chake nacho hakina mjadala: chini yake husahau lengalenga, mahindi na nyanya.

Kuna na habari ya mzizi. Hikori changa hujenga chini kabla ya kujenga juu. Katika miaka mitatu ya kwanza mzizi mkuu unaweza kushuka hadi karibu mita moja, huku juu unaona kijiti tu cha kukatisha tamaa. Ndiyo maana mche mrefu uliokaa muda kwenye ndoo mara nyingi hudumaa ukiuhamishia ardhini, kwani mzizi umeshajizungusha humo ndani kama kamba. Anayeitaka kweli na azike kokwa palepale mti utakapokaa, mwezi wa kumi, kina cha sentimita 5 hivi, juu yake aweke wavu wa chuma. Baridi ya miezi mitatu au minne ndiyo inayoiamsha mbegu, na wavu ni kwa ajili ya kindi, ambaye atakuwa amekutazama ukichimba.

Mwenye uwanja mkubwa na hamu ya kokwa ningemshauri apande pekani. Ni hikori vilevile kwa ukoo, ila mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 5 hadi 8. Uwe mbali na nyumba kwa mita 12 hadi 15, na upande miwili ya aina tofauti, maana maua ya kiume na ya kike ya mti mmoja hayafunguki kwa wakati mmoja. Kwa majira yetu mafupi, Major na Kanza huendana vizuri. Zile aina za Texas na Georgia hukutwa na baridi kabla kokwa hazijajaa. Na kwa kuwa nimetaja kubebesha: anayetambuliwa kuwa wa kwanza kufaulu kubebesha pekani, miaka ya 1840, ni mtunza bustani Mwafrika aliyekuwa mtumwa katika shamba la Oak Alley, Louisiana. Anajulikana kwa jina moja tu, Antoine. Biashara nzima ya pekani imeegemea kazi ya mikono yake.

Sasa mtini. Mtini wa kawaida wa bustani hauhitaji mwenzake wala nyigu wa kuuchavusha, mmoja unatosha. Huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Adui wake huku ni baridi, kwa sababu asili yake ni nchi za Mediterania na Asia ya magharibi, na sisi karibu kila mwaka tunapata usiku wa nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri. Matawi huanza kuumia kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo chagua aina inayozaa kwenye chipukizi za mwaka uleule, ili hata matawi yakifa yote, shina lichipue kutoka chini na bado ule. Chicago Hardy ndiyo ninayowapa wengi. Celeste ni tamu kuliko hiyo kwa ulimi wangu, na tundu lake la chini limejifunga vizuri hivyo haichachi upesi mvua zikizidi, ila inataka kukingwa zaidi.

Mahali pa kuupanda ni nusu ya kazi. Tafuta ukuta unaotazama kusini, wa matofali ukiupata, maana hunyonya jua mchana na kulirudisha usiku. Kaa mita 2 kutoka ukutani. Kabla ya jembe kugusa ardhi piga simu 811, namba ya wanaotambua vilivyofukiwa chini ya ardhi. Watakuja bure kuonyesha zilikopita nyaya na bomba za gesi. Panda jalidi ya mwisho ikishapita, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na uushushe mche sentimita 5 hadi 10 chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye chungu, ili macho kadhaa yabaki salama ardhini. Usitengeneze mti wenye shina moja kama mwembe. Acha mashina manne au matano, liwe kichaka.

Halafu samadi. Hapa nilijikwaa mimi mwenyewe. Mtini wangu wa kwanza niliulisha samadi ya kuku kama ninavyolisha mahindi. Ulipanda juu ya dirisha, majani mapana kama sinia, tini hata moja hakuna, na Desemba ilipofika matawi yalikuwa bado mabichi na laini. Yote yalikufa. Mtini ukipewa nitrojeni nyingi hukimbilia majani. Mboji ya ndoo moja wakati wa machipuko inatosha, na kabla ya kuongeza chochote peleka udongo ukapimwe. Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky ipo katika kila kaunti.

Majani yakishapukutika, zungushia kichaka wavu, ujaze majani makavu hadi usawa wa kiuno. Usifunge nailoni moja kwa moja kwenye matawi, kwani jua la Januari hupasha ndani, usiku hugandisha, na matawi hupasuka. Machipuko yakija usiwe na haraka ya kung'oa. Mtini unaoonekana mfu mwezi wa nne mara nyingi huchipua mwishoni mwa Mei.

Anayepanga nyumba asihangaike na ardhi. Chungu cha lita 50, mtini ndani yake, na majani yakianguka ausogeze gereji isiyo na joto, aumwagilie kidogo mara moja kwa mwezi. Akihama anahama nao.

Tini haiivi baada ya kuchumwa. Subiri shingo yake ilegee na tunda liiname lenyewe, likibonyezwa liwe laini. Vaa glavu na mikono mirefu unapopogoa, kwa sababu utomvu ule mweupe ukipigwa na jua juu ya ngozi unaunguza hadi malengelenge.

Kama umenunua nyumba na hikori imeshasimama hapo, usiikate. Kwanza hakikisha ni hikori. Huku kuna mti uitwao bakai ambao kokwa zake ni sumu, na wageni hudanganyika. Ya bakai ni ya kahawia iliyoiva, inang'aa, ina doa jeupe kama jicho; majani yake matano hutoka sehemu moja kama vidole. Kokwa ya hikori ni ngumu kama jiwe, rangi ya mchanga, ganda la nje hupasuka sehemu nne, na vijani vyake hupangwa huku na huku ya kikonyo. Mwenye mzio wa kokwa asijaribu hata hiyo.

Okota mwezi wa tisa na wa kumi, zitie kwenye ndoo ya maji, tupa zinazoelea. Zilizobaki zianike kivulini wiki mbili. Kuchokoa kiini kimoja kimoja ni kazi ya kuudhi, na wenyeji wa asili waliligundua hilo zamani. Jina hikori lenyewe limetokana na neno la Wapowhatan wa Virginia la kinywaji: kokwa zilitwangwa na maganda yake, zikatiwa maji, zikachujwa, likapatikana tui. Mwenye kinu nyumbani anaijua kazi hiyo bila kufundishwa. Chemsha kwa moto mdogo, maganda yatazama chini, mafuta na weupe vitapanda juu. Chuja kwa kitambaa. Nimelitia kwenye uji, nimelitia kwenye maboga, na mara moja kwenye wali, ambao watoto waliumaliza kabla sijakaa.

Wapo wanaotaka kupeleka kokwa nyumbani Afrika. Acheni. Sheria za karantini hazicheki, na mbegu ile inataka baridi ndefu ambayo Goma na Arusha haina. Mtini unastawi huko bila shida, hasa penye ukame kiasi, na miche ipo.

Matawi makavu ya hikori yanayoanguka na upepo usiyapeleke jalalani. Yakate vipande vya kiganja, yakaushe, na siku ya nyama choma weka viwili juu ya mkaa ulioshika, ufunike jiko. Moshi ukianza kutoka wa buluu hafifu, ndipo uweke mbavu.